Zana Mpya, Makali Mabovu: Mwongozo Kamili wa Kukagua Patasi, Randa, Msumeno na Nyundo Kabla ya Kulipa

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu kanunua patasi mpya Darajani, Unguja, inang'aa, mpini mwekundu, plastiki yake haijafunguliwa. Wiki ya pili makali yamejikunja kwenye mfenesi. Mwengine kachukua randa ya chuma Mwanakwerekwe, na akiisukuma inakwangua ubao, maranda hayatoki. Wote wawili wataapa kuwa walikagua kabla ya kununua. Ni kweli walikagua, ila walikagua mng'aro.

Zana ya mkono ina sehemu chache za kufanya kazi na sehemu nyingi za kupendeza. Kiwanda kinachobana gharama hubana pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki: mgongo wa patasi, uso wa chini wa randa, tundu la nyundo. Huko ndiko tunakokwenda.

Katika kila hatua jiulize jambo moja tu: kasoro hii naweza kuitibu mwenyewe kwa kinoo, msasa na tupa, au haitibiki? Ikitibika, ni hoja ya kupunguziwa bei. Isipotibika, irudishe kwenye rafu hata kama inauzwa bei ya kutupa.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kubeba dukani:

- Rula ya chuma ya sentimita 30. Ihakiki kwanza: chora mstari kwa ukingo wake, igeuze upande wa pili, chora tena kwa ukingo ule ule juu ya mstari ule ule. Mistari ikitengana, rula hiyo haifai kupimia kitu.
- Simu yenye tochi.
- Karatasi mbili za fotokopi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, na hicho kitakuwa kipimo chako cha uwazi.
- Penseli iliyochongwa vizuri na kipande cha ubao ulionyooka ukingo mmoja.
- Sindano ya kushonea, msumari mwembamba na nati.
- Kitambaa kikavu. Jasho la mkono lina chumvi, na alama ya vidole kwenye chuma kitupu huanza kutu mapema.
- Tupa ndogo yenye meno laini. Hii ikae mfukoni mpaka mwenye duka akubali.

Vya kuweka nyumbani: kipande cha kioo cha dirisha chenye unene wa milimita 5 au zaidi, msasa wa maji wa namba 120, 240 na 400, kinoo cha pande mbili, mafuta ya cherehani, thina kidogo, kipande cha msonobari na kipande cha mti mgumu kama mninga au mfenesi.

Nenda asubuhi, kukiwa kumekucha vizuri. Taa za dukani usiku hupendezesha kila kitu. Wala usiende Ijumaa saa tano na nusu wakati duka linakaribia kufungwa kwa swala. Utaharakishwa, na ukaguzi wa haraka ni sawa na kutokagua.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa, kisha itoe kwenye plastiki

Zana iliyomo ndani ya plastiki haikaguliki. Plastiki ngumu hupinda mwanga, na kadi ya nyuma hufunika upande ule ule unaoutaka.

Anza kwa salamu, usianze kwa kufungua.

"Asalaam aleikum ami. Naomba niitoe hii niitazame mgongo wake."

"Waaleikum salaam. Itazame, lakini usiitie alama."

Hapo mmeelewana. Uliza papo hapo: nikiinoa nyumbani ikawa laini, nairudisha ndani ya siku ngapi? Risiti nyingi za madukani zimeshachapwa kabisa kuwa mali ikishauzwa hairudi, kwa hiyo ahadi ya mdomo iandikwe kwa kalamu juu ya risiti. Mwenye duka anayeijua bidhaa yake hatokasirika. Anayekunyang'anya mkononi kabla hujaigeuza amekwisha kukujibu.

Umefanikiwa ikiwa zana iko mkononi mwako, nje ya plastiki, mbele ya mlango penye mwanga, na muuzaji anaendelea na wateja wengine bila wasiwasi.

## Hatua ya 2: Tazama mwili mzima kwa mwanga wa pembeni

Washa tochi ya simu na uilaze karibu sana na chuma, mwanga upite juu yake kwa mshazari. Mwanga wa kutoka juu huficha. Wa pembeni huonesha kila bonde, mkwaruzo na uvimbe.

Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni kutu. Visiwani kwetu hewa ina chumvi, na mzigo uliokaa ghalani msimu mzima wa masika unaweza kuwa mpya na mgonjwa kwa wakati mmoja. Kutu ya rangi ya chungwa inayofutika kwa kidole inatibika. Kutu iliyokwisha kuchimba vijishimo vyeusi karibu na makali haitibiki, kwa sababu kila kijishimo kitakuwa pengo siku makali yatakapofika hapo.

La pili ni mpako. Kromu au nikeli iliyovimba kama malengelenge ina kutu chini yake, na itaanza kubanduka vipande vyenye ncha vinavyokata vidole. Kwenye bisibisi na spana hiyo ni sababu ya kutosha ya kuiacha.

La tatu ni rangi nzito mahali pasipohitaji rangi. Rangi ni njia rahisi ya kuziba vijishimo vya chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, na nyufa ndogo. Penye rangi nene, piga jicho mara mbili.

Muhuri wa "Cr-V" wanaousifia wauzaji unataja mchanganyiko wa chuma, yaani kuna kromu na vanadi ndani. Hausemi kama chuma hicho kilipashwa moto na kuzimwa ipasavyo, na ugumu wa zana unatokana na hilo. Chuma kizuri kilichopikwa vibaya ni laini vile vile.

## Hatua ya 3: Patasi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, basi tukae kidogo.

Anza na mgongo. Patasi ina upande bapa, ambao ni mgongo, na upande ulionolewa kwa mteremko. Makali ni mahali pande hizo mbili zinapokutana. Mteremko unaweza kuunoa upya siku yoyote, lakini mgongo usiponyooka hakuna kinoo kitakachokupa makali ya kweli. Wanunuzi wengi hupitisha kidole gumba kwenye mteremko wakaridhika, na kiwanda kinalijua hilo.

Isimamishe rula kwa ukingo wake juu ya mgongo: kwa urefu, kwa mshazari, halafu kwa upana karibu na makali. Inua vyote viwili usawa wa jicho, uelekee mlangoni.

- Mwanga ukipenya katikati tu, mgongo una bonde. Bonde dogo halina neno. Ukilaza patasi kwenye kinoo, eneo la karibu na makali litagusa, na hilo ndilo unalolitaka.
- Mwanga ukipenya kwenye makali huku katikati pameshika, mgongo una kilima. Patasi hiyo itabembea kwenye kinoo na makali hayatagusa kamwe. Ikiwa karatasi ya fotokopi inapita chini ya rula pale kwenye makali, achana nayo.

Tazama taswira ya mlango. Kama mgongo umesuguliwa ukawa kioo, ushike ili fremu ya mlango ionekane ndani yake, kisha uinamishe polepole mpaka mstari wa fremu ufike kwenye makali. Mstari ukibaki umenyooka mpaka mwisho, sawa. Ukijipinda milimita mbili za mwisho, patasi imesuguliwa kwenye gurudumu la kitambaa na ukingo wake umeviringwa. Inapendeza kuliko zote kabatini, na inahitaji kusagwa mgongo mzima kabla ya kukata chochote. Kati ya hiyo na nyingine yenye mikwaruzo iliyonyooka ya mashine, mie nachukua yenye mikwaruzo.

Rangi karibu na makali. Ukiona buluu au zambarau kwenye ncha, chuma kiliungua kiwandani wakati wa kusagwa. Buluu hutokea chuma kinapofika takriban nyuzi 300 za Selsiasi, na kwa patasi za kawaida joto hilo limeshaondoa ugumu. Buluu ya milimita moja utaisaga ikaisha. Ikienea sentimita moja, utakuwa unanunua patasi fupi kwa bei ya ndefu.

Mbavu na mnyooko. Funga jicho moja, tazama kutoka mpini hadi makali. Patasi nyembamba, zile za robo inchi, ndizo hasa zinazopinda. Anayechonga nakshi za milango asinunue seti kwa sababu ya kasha lake. Akague moja moja na anunue zile anazozitumia. Na kama unachonga matundu ya ulimi, pima upana kwa rula, maana patasi iliyoandikwa nusu inchi si lazima iwe nusu inchi.

Mpini. Shika chuma kwa kitambaa kwa mkono mmoja, zungusha mpini kwa mwengine. Usisikie hata dalili ya kucheza. Pete ya shingoni iwe imebana. Mpini uliokaa upande hautibiki kirahisi, kwa kuwa kila pigo la nyundo litaisukuma patasi upande huo.

Tupa. Hapa omba ruhusa tena. Gusa ubavu wa patasi kwa tupa, sentimita moja kutoka makali, kwa mkono mwepesi. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, au ikikwaruza kidogo sana, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga wa chuma kwa urahisi, ni laini, na ulaini huo hutautibu wewe.

Tahadhari mbili. Patasi nyingi zimepakwa vanishi isiyoonekana ili zisishike kutu safarini. Tupa itauma vanishi kwanza, basi rudia mahali pale pale ndipo uhukumu. Pia usipime karibu na mpini. Sehemu ile huachwa laini makusudi ili patasi isivunjike ikipigwa.

Umefanikiwa ikiwa mgongo umenyooka au una bonde dogo, ncha haina buluu, tupa inateleza, na mpini haujui kucheza. Mteremko mbovu usikuhuzunishe. Huo utaunoa jioni.

## Hatua ya 4: Randa ya chuma

Nazungumzia ile ya kawaida, namba 4, yenye kisu cha upana wa milimita 50 hivi.

Usikitoe kisu kwanza. Kirudishe ndani mpaka kisitokeze mdomoni, lakini kiache kimebanwa. Mbano wa kisu huuvuta mwili wa randa kidogo, na wewe unataka kuiona ilivyo ikiwa kazini.

Geuza randa tumbo juu, isimamishie rula kwa urefu, kwa mshazari wa pande zote mbili, na kwa upana mbele ya mdomo. Sehemu tatu lazima zishike rula kwa pamoja: pua, ukingo wa mbele wa mdomo, na kisigino. Uwazi uliopo nyuma ya mdomo hauna madhara. Uwazi ulio mbele ya mdomo ndio unaokuharibia kazi, kwa sababu hapo ndipo ubao unapotakiwa kukandamizwa kabla kisu hakijaunyanyua. Usipokandamizwa, nyuzi zinachanika.

Karatasi moja isipopita chini ya rula, nunua. Ikipita moja na mbili zikagoma, inatibika kwa msasa juu ya kioo, ila ujue utatoa jasho alasiri nzima. Zikipita mbili, iache.

Angalia pia msokoto. Laza rula moja kwa upana puani na kitu kingine kilichonyooka kisiginoni, kisha vitazame kwa usawa. Visipolala sambamba, randa imejisokota. Msokoto wa kuonekana kwa jicho hautibiki kwa mkono.

Sasa toa kisu. Kitanda kinachokaliwa na kisu, yaani ile sehemu ya mteremko, ndipo penye siri. Randa za bei rahisi hupakwa rangi mpaka hapo, na matone ya rangi yaliyoganda hukiinua kisu upande mmoja. Kisu kisichokaa vizuri hutetemeka na kuacha mawimbi kwenye ubao, nawe utamlaumu seremala aliyekufundisha. Rangi inakwanguliwa, hilo linatibika. Kitanda chenye mabonde ya kalibu hakitibiki.

Nyufa. Chuma cha kalibu kikianguka hupasuka, hakipindi. Safari ya mzigo kutoka kontena mpaka rafuni ina maanguko mengi. Kagua pembe za mdomo na chini ya mshikio kwa tochi. Ufa hata mwembamba kama unywele ni mwisho wa mazungumzo.

Bamba la juu ya kisu. Libane na kisu, viinue mlangoni. Mwanga ukipenya kati yake, maranda yatajipenyeza humo na kujazana mpaka randa izibe. Ni malalamiko ya kila siku, na dawa yake ni dakika chache za kinoo.

Gurudumu la kurekebishia kisu likiwa na mchezo wa nusu mzunguko, usijali. Hata randa nzuri zina mchezo. Linalokwama au kuruka meno ndilo baya.

Niseme na hili: randa ya mbao iliyochongwa na fundi wa hapa kwa mti mgumu, yenye kisu kizuri, hunyooshwa kwa randa nyingine na kazi ikaendelea. Ukiipata usiidharau kwa sababu haina nikeli. Na za mtumba zinazokuja na makontena, nyingi zina chuma bora kuliko mpya zilizoko jirani yake. Hatua ni hizi hizi, ila kutu iangaliwe mara mbili.

Umefanikiwa ikiwa pua, mdomo na kisigino vinashika rula, hakuna ufa, na kisu kinalala kitandani bila kubembea ukikibonyeza kila kona.

## Hatua ya 5: Msumeno

Jiulize kwanza unaenda kupasua au kukata. Meno ya kupasua, kwa mfano ya kufuata urefu wa ubao wa jahazi, yana ncha bapa mfano wa patasi ndogo ndogo. Meno ya kukata upana yamenolewa pande kama visu. Muuzaji anaweza asikuambie, basi yatazame mwenyewe. Msumeno mzuri kwenye kazi isiyo yake utaonekana mbovu.

Upinde msumeno kwa wastani, kisha uuachie. Lazima urudi ulivyokuwa. Ukibaki na kumbukumbu ya mkunjo, chuma ni laini. Kisha uweke meno juu, tazama kutoka mpini mpaka ncha: mstari mmoja, bila nyoka.

Meno hukunjwa moja kushoto na moja kulia ili msumeno usibanwe na ubao. Kwenye msumeno wa meno madogo, laza sindano ya kushonea kati ya safu hizo mbili karibu na mpini, inamisha msumeno, sindano iteleze yenyewe mpaka mwisho. Ikianguka njiani, kuna jino limekunjwa vibaya mahali hapo.

Kama ncha za meno zina rangi ya buluu iliyokoza au nyeusi na sehemu nyingine ni nyeupe, meno hayo yamekomazwa kwa umeme. Yatakaa makali muda mrefu, lakini tupa haitayaweza. Yakiisha, msumeno umekwisha. Anayenoa misumeno yake mwenyewe atafute wenye rangi moja.

Ukiruhusiwa, kata kipande cha ubao kwa kufuata mstari wa penseli bila kulazimisha. Ukivutwa upande mmoja, meno ya upande huo yamekunjwa zaidi. Hili linatibika: pitisha kinoo mara moja kwa upole kwenye ubavu wa upande huo, ujaribu tena.

## Hatua ya 6: Nyundo

Tazama kitako cha mpini. Mistari ya mti iende sambamba na mwelekeo wa pigo, na kwa urefu ifuate mpini kutoka juu hadi chini bila kutokea ubavuni. Inapotokea ubavuni ndipo mpini utakapovunjika. Mpini uliopakwa rangi nzito wote unakunyima kuona mistari, na mie siununui.

Juu, kwenye tundu, pawe na kabari iliyozama, na mti ulijaze tundu bila mwanya. Mti uliotiwa mbichi husinyaa kiangazi cha kaskazi, kichwa kikaanza kucheza, na kichwa cha nyundo kinachoruka ni hatari kwa aliyesimama nyuma yako.

Uso wa kupigia uwe na mbinuko mdogo sana na kingo zilizopunguzwa. Kwa nyundo ya kung'olea misumari, ingiza msumari mwembamba kati ya kucha. Zishike karibu na shina.

Onyo: wapo wanaopima nyundo mbili kwa kuzigonganisha uso kwa uso. Usifanye, wala usimruhusu muuzaji akufanyie. Nyuso hizo zimekomazwa, na kipande kinachoruka hutafuta jicho.

## Hatua ya 7: Skweya na pimamaji

Hizi hazihitaji chombo kingine, zinajishuhudia zenyewe.

Skweya, ile ya kupimia pembe mraba: iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari. Igeuze upande wa pili, iegemeze ukingo ule ule, chora mstari wa pili kuanzia nukta ile ile. Ikiwa sahihi, mistari inalaliana. Ikitengana, mwachano unaouona ni mara mbili ya kosa lake halisi.

Pimamaji: iweke kwenye kaunta, angalia povu liliposimama. Igeuze mwisho kwa mwisho, mahali pale pale. Povu lisimame nafasi ile ile, hata kama kaunta yenyewe imeinama. Fanya hivyo hivyo ukutani kwa kioo cha wima. Chukua kadhaa rafuni uzipime zote, utashangaa.

## Hatua ya 8: Bisibisi, plaizi, spana

Haraka. Ncha ya bisibisi iwe na kingo kali na ijaze mfereji wa skrubu bila kucheza. Ikiviringwa, itaruka na kuharibu kichwa cha skrubu. Taya za plaizi zikifungwa dhidi ya mwanga, ncha zikutane kwanza, na egemeo lisicheze kushoto na kulia. Spana ijaribu kwenye nati uliyokuja nayo mfukoni. Ikizunguka kabla ya kushika, itakula kona.

## Hatua ya 9: Jaribio la nyumbani

Lifanye ndani ya siku ulizokubaliana na muuzaji, kabla risiti haijapotea.

1. Ondoa vanishi kwa kitambaa chenye thina. Dirisha liwe wazi, jiko liwe mbali.
2. Sugua mgongo wa patasi au kisu juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, sentimita 2 au 3 za mwisho tu. Ukiona mng'aro mmoja umeenea mpaka kwenye makali kutoka kona hadi kona, acha. Kuendelea ni kumaliza chuma.
3. Noa mteremko kwa nyuzi 25, kisha ncha kabisa kwa nyuzi 30, maana miti yetu ni migumu.
4. Elekeza tochi kwenye makali. Makali yaliyonoleka hayarudishi mwanga. Ukiona mstari mweupe au nukta inayometa, hapo bado.
5. Kata kichwa cha msonobari, pale mti ulipokatwa upana, kwa nguvu ya mkono tu. Makali mabovu hugandamiza nyuzi laini na kuacha unga mweupe. Mazuri huacha uso unaong'aa.
6. Hamia kwenye mninga au mfenesi, piga mapigo kama ishirini kwa nyundo ya mbao, halafu tazama tena kwa tochi. Makali yaliyojikunja: chuma laini. Yaliyomeguka: chuma kigumu kupita kiasi, au nyuzi za mteremko ni chache mno.

Usitoe hukumu kwa makali ya kwanza. Milimita ya mwanzo huweza kuwa imeungua kidogo kiwandani bila kuonesha rangi. Noa mara mbili au tatu, rudia namba 6. Ikishindwa bado, rudi dukani na risiti.

Ikifaulu, ipake mafuta ya cherehani kila jioni na usiirudishe kwenye plastiki yake. Plastiki hufungia unyevu ndani. Vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya vitie kwenye sanduku la zana.

## Kwa aliyeko Pemba anayeagizia Unguja

Wasomaji wa Chake, Wete na Mkoani wananiuliza wafanyeje wakati zana inanunuliwa na mtu mwengine na kupakiwa botini kwenye bandari ya Malindi, Unguja. Usimwombe picha ya zana. Atakutumia mng'aro ule ule. Muombe hizi, kabla hajalipa:

- Patasi: rula imesimama kwenye mgongo, mlango uko nyuma yake, picha ya karibu kabisa kwenye makali.
- Randa: video akipitisha karatasi chini ya rula mbele ya mdomo, na picha ya kitanda baada ya kutoa kisu.
- Msumeno: video akiupinda na kuuachia.
- Nyundo: kitako cha mpini na tundu la juu.
- Skweya: mistari miwili ya penseli kwenye ubao mmoja.

Siku za kurudisha zihesabiwe tangu mzigo unapokufikia, na hilo liandikwe kwenye risiti. Mwambie aipake zana mafuta, aifunge kwenye gazeti kavu, na makali yavishwe kipande cha mpira au kadibodi. Risiti naye aipige picha akutumie kabla boti haijang'oa nanga.